Usiku wa Berlin: ruhusa ya polisi na sheria ya nchi

Baa za wapenzi wa jinsia moja mjini Berlin ni kongwe kuliko uhuru wao. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, kilichoanza kutumika baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1871, kiliwatia gerezani wanaume waliolala pamoja, wanawake hakikuwagusa. Kilichokatazwa kilikuwa tendo. Kukaa meza moja au kucheza dansi hakukutajwa, na tendo la faraghani si rahisi kulithibitisha. Kamishna Leopold von Meerscheidt-Hüllessem, aliyeongoza kitengo cha polisi kilichoundwa mwaka 1885 kwa ajili ya watu hao, aliona ni afadhali baa ziachwe wazi ili wateja wajulikane. Uamuzi huo wa ofisini, usiopitia bunge lolote, ndio uliozaa usiku ambao Berlin inasifika kwao hadi leo.

Magnus Hirschfeld, daktari Myahudi, alitaka zaidi ya kuvumiliwa. Mwaka 1897 alianzisha kamati ya kudai kifungu hicho kifutwe, akakusanya saini za wasomi na wanasiasa, na mwaka 1904 akachapisha kitabu kinachoeleza mitaa, baa na dansi za watu hao. Bunge halikukubali. Watu walisoma, hata hivyo, na wageni kutoka miji mingine wakazidi kuja kujionea.

Watu wa Mara, katika koloni la Wajerumani lililo leo Tanzania, waliwajua Wajerumani kwa sura nyingine kabisa. Boma la Ikoma huko Serengeti lilikuwa boma la askari. Lakini maneno ya Berlin yalifika Afrika Mashariki pia. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala kutoka Dar es Salaam kuanzia 1906 hadi 1912, aliwaudhi walowezi kwa kupendelea kilimo cha wakulima Waafrika badala ya mashamba yao makubwa. Willy von Roy, mhariri wa gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, akamzushia, au pengine akamfichulia, kwamba ana mapenzi na wanaume. Shauri likaishia mahakamani. Ukweli wa chumbani mwa gavana si jambo la kuamuliwa leo. Kinachoonekana wazi ni kwamba waliomshutumu walikuwa na hasira ya mashamba na vibarua, na Kifungu cha 175 kiliwapa fimbo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala wa kifalme ulianguka, udhibiti wa magazeti ukalegea, na usiku ukapanuka. Mwaka 1919 Hirschfeld alifungua taasisi yake ya elimu ya jinsia katika eneo la Tiergarten. Magazeti ya wapenzi wa jinsia moja yaliuzwa vibandani hadharani; Die Freundin, lililoanza mwaka 1924, lilikuwa la wanawake. Ukumbi wa Eldorado, karibu na Nollendorfplatz, ulijulikana kwa wanaume waliopanda jukwaani wakiwa na magauni na lulu, na wengi wa waliolipa kiingilio walikuwa watalii wa kawaida waliokuja kushangaa. Utalii ndio ulioutajirisha ukumbi huo, na ndio uliofanya wengi wadhani mambo yameshatulia. Mwandishi Mwingereza Christopher Isherwood, aliyefika mwaka 1929 akitafuta uhuru ambao London haikumpa, alipanga chumba mitaa hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 1929 alifika Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyekuwa askari mtoto upande wa Wajerumani katika vita. Alikuja kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakuipata, akabaki. Alifundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa chuo na kufanya kazi ya uhudumu wa meza katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz lililofunguliwa mwaka 1928, ambako kila ukumbi ulipambwa kwa mfano wa nchi fulani. Yeye hakuwa sehemu ya jamii ya Eldorado, alioa Mjerumani. Ila aliishi kwa kipato cha usiku uleule, mji ulipokuwa ukiuza mambo ya mbali na ya ajabu kwa yeyote mwenye fedha.

Uvumilivu wa polisi uliondoka jinsi ulivyokuja, kwa amri ya ofisini. Mwaka 1932, hata kabla ya Hitler, serikali mpya ya Prussia ilipiga marufuku dansi za wapenzi wa jinsia moja. Mapema 1933 baa zikafungwa moja baada ya nyingine, na Eldorado ikawa ofisi ya wanamgambo wa Nazi. Tarehe 6 Mei taasisi ya Hirschfeld ilivamiwa. Siku 4 baadaye vitabu vyake vilichomwa moto uwanjani. Hirschfeld, aliyekuwa nje ya nchi, hakurudi tena. Mwaka 1935 Kifungu cha 175 kiliongezwa makali kiasi kwamba hata kumgusa mtu au kumtazama kwa namna fulani kuliweza kumfikisha mtu kizimbani. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa chini ya utawala huo, na maelfu wakapelekwa kambini.

Kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, ilipokea wengi wao. Mwaka 1942 wafungwa kama 200 waliovalishwa pembetatu ya rangi ya waridi waliuawa huko. Husen, aliyekamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke mzungu, alifungwa kambi hiyohiyo na kufa Novemba 1944.

Vita vilipokwisha, Ujerumani Magharibi iliendelea kutumia kifungu kile kwa maneno ya Wanazi hadi 1969. Wafungwa wengine walitoka kambini wakakutana na sheria ileile iliyowapeleka. Usiku, kama kawaida yake, uliitangulia sheria: Berlin Magharibi ilifuta saa ya kufunga baa mwaka 1949, na taratibu mitaa ya Nollendorfplatz ikafunguka tena. Klabu ya SchwuZ ilianza mwaka 1977, na Jumba la Makumbusho la Mashoga likafuata mwaka 1985. Huko Ujerumani Mashariki, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuhusu mapenzi ya wanaume ilizinduliwa tarehe 9 Novemba 1989, usiku uleule Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa. Kifungu cha 175 kilifutwa kabisa mwaka 1994, muziki wa tekno ukiwa tayari umejaza viwanda vitupu vya Mashariki. Berghain, ndani ya kituo cha zamani cha umeme, ilifunguliwa mwaka 2004.

Mtanzania anayetembelea mji huo anatoka katika nchi ambayo sheria yake ya jinai, iliyorithiwa kwa Waingereza na si kwa Wajerumani, inaweza kumfunga mtu maisha kwa tendo hilohilo. Huko Neukölln atakuta mtaa unaoitwa Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanganyika, baada ya jina la Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa koloni hilo la Wajerumani, kuondolewa mwaka 2021. SchwuZ, iliyokuwa imehamia eneo hilo, ilifungwa mwaka 2025. Safari hii polisi hawakuhusika, klabu ilifilisika.