Barua kutoka Kentucky: Novemba ya kulungu, bila chupa



Ukihitaji fundi bomba huku Kentucky, mtafute kabla ya Jumamosi ya pili ya Novemba. Siku hiyo hufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na kuanzia Ijumaa mchana simu za mafundi hazipokelewi. Kazini kwetu likizo za wiki hiyo huanza kuombwa tangu mwezi wa saba, na msimamizi ndiye huwa wa kwanza kujaza fomu. Madukani utapishana na watu wazima, wanaume kwa wanawake, wamevaa kofia na vizibao vya rangi ya chungwa inayoumiza macho. Rangi hiyo ni sheria. Mwindaji lazima aivae kichwani, kifuani na mgongoni, ili mwenzake aliye upande wa pili wa kichaka asimdhanie mnyama.

Kuna wasomaji walioniuliza, baada ya mimi kugusia kwamba siku hizi sinywi, naishije katika nchi ya wiski bila kuonja. Baadhi waliuliza kwa wema. Wengine, nawajua, waliuliza kwa masikitiko ya kumpoteza mwenzao wa mezani. Nimeona niwajibu kwa habari ya kulungu.

Kwanza mjue nilipo. Nakaa si mbali na Bardstown, kusini ya Louisville, katikati ya eneo la bourbon. Wiski hiyo, kwa sheria ya Marekani, lazima itokane na nafaka ambayo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, kisha ilale katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani. Kentucky ina watu kama milioni 4.5, na mapipa yaliyolala katika maghala yake yamepita milioni 10. Mbao hupitisha hewa, kwa hiyo sehemu ya pombe hupotea kila mwaka. Wenyeji huiita fungu la malaika. Malaika wenyewe sijawaona, ila kuna ukungu mweusi unaostawi kwa mvuke huo, na ukipita karibu na maghala utakuta miti, uzio na kuta za nyumba za watu zimekuwa nyeusi kama dari la jiko la kuni. Asubuhi za baridi harufu ya mahindi yanayochachushwa huingia hadi ndani ya gari. Mtu wa Kibosho au Marangu, aliyezoea harufu ya mbege, hahitaji kuelezwa.

Huku ndiko nilikoamua kuacha pombe. Sababu zake anazijua mke wangu na daktari, na ziishie hapo.

Kentucky hii hii ndiko alikozaliwa Carrie Nation, mwaka 1846, katika wilaya ya Garrard. Mume wake wa kwanza alikuwa daktari mlevi. Alipopita umri wa miaka hamsini, mama huyo akawa anaingia katika baa za Kansas na shoka mkononi, anavunja chupa na vioo, anakamatwa, anatozwa faini, anarudi tena. Na Marekani ilipofuta mwaka 1933 marufuku ya pombe iliyoanza 1920, wilaya za hapa zilibaki na haki ya kupiga kura zenyewe kama pombe iuzwe kwao au isiuzwe. Mpaka leo zipo ambazo huwezi kununua hata bia moja, na si mbali sana na viwanda. Kwa hiyo watu wa hapa wamezoea mambo yote mawili. Ukisema hunywi, hawakuulizi kama umeokoka siku hizi, wala kama uko kwenye dozi.

Jioni moja kwa wiki kuna kikao cha watu walioacha pombe katika chumba cha chini cha kanisa. Utaratibu wenyewe ulianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, pale Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alipokutana na daktari mpasuaji Bob Smith, wote wawili chupa imeshawashinda. Waliona kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko anavyomsikia mchungaji. Hakuna ada, hakuna jina la ukoo, na kahawa yao ni mbaya kupita kiasi. Yanayosemwa humo hubaki humo, kwa hiyo nitasema langu tu.

Ladha ya pombe sikuikumbuka kwa muda mrefu. Nilichokosa ni pa kwenda jioni. Saa kumi na mbili imefika, umetoka kazini, na zamani ulijua utakaa wapi, na nani, na mtabishana nini hadi saa nne. Unapoacha pombe kila mtu anakupongeza kwa kuweka glasi chini, na hakuna anayekuonya kwamba kiti nacho kinaondoka. Marafiki hawakufukuzi. Simu zinapungua tu, maana walizoea kukualika baa na sasa hawajui wakualike wapi.

Kabla sijasahau: kama una ndugu anayekunywa sana kila siku, usimfungie chumbani akaacha kwa siku moja. Mwili uliozoea pombe ukikatishwa ghafla unaweza kuingia degedege na kuweweseka, na watu hufa hivyo. Apelekwe kwanza kwa daktari. Nyumbani hili hatulisemi vya kutosha.

Sasa kulungu. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, fundi wa matrekta aliyestaafu, aliacha pombe zamani. Ndiye aliyenipa kiti kingine, na kiti chenyewe kiko juu ya mti. Ni kijukwaa cha chuma cha watu wawili kilichofungwa kwenye shina, una mkanda wa usalama kiunoni na mabegani, kwa sababu kila msimu kuna wawindaji wanaoanguka na kuumia. Mnapanda saa kumi na moja alfajiri, gizani. Sheria inaruhusu kufyatua risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, hivyo kabla ya hapo kazi ni kukaa. Hukohoi, hucheki, hugusi simu. Unaangalia upepo unatoka wapi, maana kulungu atakunusa kabla hujamwona. Mtu mwenye mning'inio wa jana yake hawezi kazi hii. Kichwa kitamsaliti kwenye ngazi. Nami, ambaye nyumbani nilijulikana kwa maneno mengi, nilijikuta nimenyamaza hadi jua limepanda, nasikiliza majani makavu kama yanakanyagwa na kindi au na mwenye kwato.

Novemba ndio wakati wao wa kupandana. Dume ambaye miezi mingine hutoka usiku tu, sasa anakimbia mchana kweupe nyuma ya jike, tahadhari yote imemtoka. (Wanaume mlioko baa, sijasema kitu.) Pembe zake si za kudumu kama za swala na kulungu wetu, hudondoka majira ya baridi na kuota upya kila mwaka. Chini ya mkia ni mweupe, na akishtuka huuinua, ndicho kitu cha mwisho unachokiona.

Hawa kulungu nusura waishe. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamewindwa hadi wamebaki wachache katika Kentucky nzima. Serikali ya jimbo ikawa inawakamata hai palipo na wengi na kuwahamishia kusiko nao, kazi iliyoendelea mpaka miaka ya 1990, na leo idadi inakaribia milioni 1. Fedha nyingi za uhifadhi zinatoka kwa wawindaji wenyewe: vibali wanavyolipia, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi unaoelekezwa huko na sheria ya Pittman-Robertson ya 1937. Fundi wa matrekta analipia kibali chake na kuruhusiwa dume mmoja mwenye pembe kwa mwaka, basi. Kwetu tumezoea aina mbili za wawindaji, mgeni mwenye dola katika kitalu na jangili anayekimbizwa na askari wa wanyamapori. Mwanakijiji mwenye kibali mfukoni tumemsahau, na naona tunakosea.

Bunduki namwachia mzee. Kazi yangu huanza mnyama akishaanguka. Hapo mtoto wa Kilimanjaro hahitaji mwalimu: kupasua tumbo bila kutoboa utumbo wala kibofu, kutoa ini na moyo, kuchuna, kugawa viungo kwenye maungio bila shoka. Mzee aliponiona mara ya kwanza akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia kwenye sikukuu. Kabla sijaanza kuchuna, mzee hupiga simu kutoa taarifa, lazima iwe siku hiyohiyo kabla ya saa sita usiku, na hupewa namba ya mnyama wake.

Nyama hiyo haiuzwi. Nyumbani sasa tuna mabucha ya nyamapori yenye leseni. Huku kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa. Basi hugawiwa. Mguu kwa mjane wa barabara ya pili, soseji kwa mchungaji, kilo kadhaa kwa kijana aliyepunguzwa kazi. Upo hata mpango unaoitwa Kentucky Hunters for the Hungry, ambamo mwindaji hupeleka mnyama kwa mchinjaji na nyama ya kusaga huenda kwa wasio na chakula. Mimi nilipata majirani kwa njia hiyo. Huwezi kupeleka mguu wa kulungu mlangoni kwa mtu halafu usijue jina lake.

Halafu jiko. Mke wa mzee ndiye bingwa, na masharti yake hayana rufaa. Mnofu wa mgongoni hulala usiku kucha ndani ya mtindi ili ukali wa nyama upungue. Asubuhi unakatwa vipande vyembamba, unaviringishwa kwenye unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga nyingi, unakaangwa kwa mafuta ya nguruwe katika kikaango kizito cha chuma alichorithi kwa mama yake na ambacho sabuni haikigusi. Nyama hii haina mafuta yake yenyewe. Dakika moja ya ziada na umepata soli ya kiatu. Mabaki kikaangoni yanatiwa unga, kisha maziwa, mpaka mchuzi mweupe uwe mzito, unamwagiwa juu ya mikate midogo laini iliyotoka kwenye oveni. Kando kuna maharage, bamia za kukaanga na mkate wa mahindi. Mkate wa mahindi ukiutia sukari mbele ya mama huyu, umeharibu uhusiano.

Chakula hiki wanakiita cha shamba, na wengi hudhani ni cha Wazungu wa milimani tangu mwanzo. Lakini bamia na kunde zilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, na leo Mmarekani wa kusini hafungui mwaka mpya bila kunde na mboga za majani. Kosa lao ni moja: mboga za majani wanazichemsha na nguruwe wa moshi hata zaidi ya saa nzima. Niliwapikia sukuma wiki ya dakika tano, wakaniuliza kama gesi imeisha. Nililipiza kwa mtori wa kulungu, mifupa ya shingo na ndizi mbichi kutoka duka la Wamexico huko Louisville. Mzee alimaliza bakuli mbili na kuutangaza kuwa mchuzi mzuri. Sikumsahihisha.

Mtu aliyeacha pombe lazima aulize maswali katika majiko haya. Bourbon huwekwa kwenye pai, kwenye viazi vitamu vya sikukuu ya Shukrani, kwenye sosi ya nyama choma. Watu husema moto unaimaliza. Vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichochemka dakika 15 pamoja na pombe bado hubaki na karibu asilimia 40 yake. Kuna na vitufe vya chokoleti vya bourbon, ambavyo moto haviuoni kabisa. Mama yule, bila mtu kumwomba, hutenga sahani mbili mbali na vyote hivyo, ya mumewe na yangu, na katikati huweka Ale-8-One, soda yenye tangawizi inayotengenezwa Winchester tangu 1926. Mpenzi wa Stoney Tangawizi ataizoea. Hamu ya sukari hupanda sana ukiacha pombe. Mshonaji wangu wa suruali ni shahidi.

Msije mkadhani wawindaji wa hapa ni watawa. Katika kambi nyingi za msimu huu, bunduki zikishafungiwa, bia hufunguliwa hadi usiku. Mimi na mzee hatuendi huko. Tunarudi kuchambua nyama, kusaga, kufunga pakiti na kuandika tarehe, na kikaango kikiwa motoni tunabishana kuhusu mpira wa kikapu. Tunaanza saa kumi na mbili, tukimaliza ni saa nne.

Desemba inakuja, na mabasi ya Moshi yatajaa kama kawaida. Mtachinja, mtachoma, mbege itazunguka. Katika kila ukoo yupo mmoja aliyeacha, au anayejaribu kuacha, na kila mwaka anatafuta kisingizio cha kutokuja. Mwaka huu mpigieni simu mapema. Mpeni kisu na jukumu la kugawa nyama, mwekeeni soda bila kutangaza, wala msimwambie aonje kidogo kwa ajili ya wazee. Na mkimwona amesimama peke yake karibu na jiko la kuchomea, mmoja wenu achukue kigoda akakae naye.