Nilienda Oman, nikaikuta Gamboshi

Kila nikiulizwa kwetu ni wapi, jibu langu lilikuwa moja tu: "Mwanza." Mwanza haina maswali. Mtu atataja sato, mawe na ziwa, halafu mazungumzo yanaendelea. Ukweli ni kwamba mimi ni wa Bariadi, mkoani Simiyu, na bibi mzaa mama anaishi Gamboshi. Sasa mtajie Mtanzania yeyote jina hilo. Hata kama hajawahi kuvuka Morogoro, atakwambia hayo ndiyo makao makuu ya wachawi, na kwamba usiku kijiji kinageuka jiji la maghorofa na mataa kama New York. Atacheka, lakini utamwona anasogeza kiti chake kidogo.

Ndiyo maana, mpenzi msomaji, nilipoolewa nilipanga mambo yangu kwa akili nyingi. Mahari ilipokelewa Mwanza kwa mjomba. Harusi ikafanyika Dar es Salaam. Bibi, aliyenilea mpaka nikafika darasa la nne, sikumwalika. Nilimwambia mama kwamba safari ni ndefu mno kwa mtu wa umri ule. Sababu ya kweli ilikuwa macho yake. Bibi ana macho mekundu kwa sababu amepikia samadi kavu na vijiti vya pamba maisha yake yote. Niliogopa mama mkwe wangu angeyatazamaje.

Siri hiyo niliibeba mpaka Januari iliyopita, tulipoamua na mume wangu kujipa zawadi ya safari ya Oman. Tulichagua Januari kwa sababu ya hali ya hewa. Kiangazi cha kule ni tanuri, usijaribu.

Muscat tulikaa siku mbili, kisha tukakodi gari kuelekea Nizwa, mji wa kale ulio kama kilomita 160 ndani ya nchi. Fika Nizwa Alhamisi jioni, ili Ijumaa asubuhi uende kwenye mnada wa mbuzi. Jamani, nilijiona niko nyumbani! Wauzaji wanazungusha mbuzi wao kwenye duara huku wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wanamsimamisha mbuzi, wanampapasa mgongo, wanamfungua mdomo watazame meno. Mume wangu alishangaa nilivyokuwa nakisia bei. "Mambo haya umejifunzia wapi wewe mtoto wa mjini?" Nikajichekesha tu.

Tulipanda ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa duara uliojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif. Ukiwa juu unaona bahari ya mitende, na nyuma yake milima mikavu isiyo na jani. Utajiuliza maji yanatoka wapi. Yanatoka kwenye mifereji ya kale inayoitwa falaj, inayoteremsha maji kutoka kwenye chemchemi na visima vya mbali bila pampu yoyote, kwa mteremko tu. Kila shamba lina zamu yake ya maji. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano kati ya mifereji hiyo kwenye Urithi wa Dunia, ukiwemo Falaj Daris wa hapo Nizwa. Mimi niliyekua nikichota maji kwenye lambo pamoja na ng'ombe, nilikaa pembeni ya mfereji ule muda mrefu, miguu ndani ya maji.

Kesho yake tukaenda Bahla, mwendo wa kama kilomita 40. Ngome ya Bahla imejengwa kwa matofali mabichi ya udongo juu ya msingi wa mawe, na ukuta wa mji wake una urefu wa kilomita 12 hivi. Iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu udongo ulikuwa unamomonyoka kwa mvua. Waliikarabati kwa miaka mingi, ikatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2004, na wageni wakaanza kuruhusiwa kuingia mwaka 2012.

Lakini Bahla ina jina lingine. Waomani wenyewe watakwambia ni mji wa majini na uchawi. Husimuliwa kwamba ukuta ule ulijengwa kwa usiku mmoja, na kwamba mti mmoja wa sokoni ulifungwa minyororo ili majini wasiondoke nao. Watalii wanazipenda hadithi hizo. Wanatoka Ulaya kuja kuzisikiliza, wanapiga picha, wananunua vyungu, wanaondoka wamefurahi.

Pale sokoni ndipo tulipomkuta mzee mmoja mwenye kanzu na kofia, amekaa nje ya duka. Alitusikia tukiongea, akaita kwa Kiswahili: "Karibuni, wa nyumbani!" Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kwetu wapi. Mume wangu akasema Tanga. Mimi nikasema Mwanza.

"Mwanza ipi, binti?" akauliza. "Mimi nimezaliwa Shinyanga. Baba yangu alikuwa na duka huko. Tulirudi huku baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita watu wake. Hiyo sauti yako si ya Mwanza mjini. Mwangaluka, mayu!"

Mdomo ukaitikia kabla akili haijafika. Nikajikuta namwambia: "Bariadi."

"Bariadi!" Mzee akapiga paja. "Kwenye Gamboshi! Basi umefika kwenu, maana hii Bahla ndiyo Gamboshi ya Oman."

Akacheka, mume wangu akacheka. Mimi machozi yakanitoka palepale, kati ya vyungu. Nikasema yote: bibi, mahari, macho mekundu, uongo wa safari ndefu.

Mume wangu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mke wangu, mimi ni mtu wa Tanga. Unadhani chuoni walikuwa wananitaniaje? Wewe mwenyewe ulikuwa unaniuliza kama nimekuwekea limbwata."

Kweli nilimwuliza, tena mbele za watu, mara nyingi tu. Kumbe nilikuwa naisukuma Gamboshi imwangukie mwingine.

Nikamwuliza mzee kama majini wa Bahla wapo. Akasema, "Nimeishi hapa zaidi ya miaka arobaini. Nilichokiona ni mafundi wakibeba udongo."

Usiku hotelini sikupata usingizi. Nilijiuliza kwa nini hadithi ileile huku ni utalii, kwetu ni msiba. Jibu nililopata ni hili. Ya Bahla inasingizia majini, na jini hana mlango wa kubisha saa nane za usiku. Ya kwetu inasingizia mtu, na mara nyingi mtu huyo ni bibi mwenye macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya ramli. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, lakini utani wa vijiweni haujapigwa marufuku na mtu. Hata mimi, msomi wa mawasiliano, ninayekaa kiti cha mhariri, niliona macho ya bibi yangu mwenyewe kuwa aibu. Mimi sikushika panga, ila nilimficha kama mtu mwenye hatia.

Nilinunua mtungi mdogo wa Bahla, maana mji ule ni wa wafinyanzi toka zamani.

Julai, msimu wa kuuza pamba, tulishika lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa hadi Bariadi, kisha vumbi la Gamboshi. Mama mkwe naye alikuwemo kwenye gari. Alisema mwenyewe kwamba hawezi kuwa na mkwe asiye na bibi. Tulipita mibuyu, ng'ombe na marobota ya pamba, wakipiga picha njia nzima kama watalii wa Nizwa.

Nilipiga magoti nikamwomba bibi msamaha. Hakusema kitu. Alichukua mtungi, akaugonga kwa kidole na kusikiliza mlio. "Aliyeufinyanga anajua kazi," akasema. Kisha akaniambia niende jikoni nikapike, kwa moshi uleule, ili na mimi nijue macho huwa yanafanywaje. Niliporudi na ugali nilikuwa nafuta machozi, na mama mkwe ndiye aliyenipa kitambaa. Wiki hiyohiyo tukaagiza jiko la gesi.

Usiku ule nilimkuta mume wangu amesimama uani, anaangalia giza na nyota.

"Unafanya nini?"

"Naitafuta New York," akasema.

Bibi alisikia kutoka ndani, akacheka mpaka akakohoa.