Shaba ya Merikebu na Maji ya Gando

Ukitaka kuiona Gando, fika kwanza Wete, Pemba, kisha ushike njia iendayo kaskazini magharibi, kati ya mikarafuu na minazi. Mwisho wa njia ni mikoko na bahari, na ng'ambo utaviona visiwa vya Fundo na Njao.

Pwani kama hii, tazama jinsi chombo cha mbao kinavyotunzwa. Fundi hutia kalafati kwa pamba, hupaka sifa, na chini hupaka shahamu, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Asipofanya hivyo, wadudu wa baharini huzitoboa mbao zikawa kama sega la nyuki.

Merikebu za vita za Ulaya zilikuwa na adui yuyo huyo. Wao walizivika chini mabati ya shaba. Merikebu zilipozeeka, shaba yake haikutupwa yote. Mwaka 1905, miaka 100 baada ya vita vya Trafalgar, chama cha kuwasaidia mabaharia huko Uingereza kilitoa medali zenye shaba ya Victory, merikebu ya Admirali Nelson. Merikebu yake nyingine, Foudroyant, ilitupwa pwani na dhoruba huko Blackpool mwaka 1897, na shaba yake ikafanywa medali nyingi. Hata leo wako watu wazikusanyao.

Sisi medali tuzijuazo zaidi ni zile za kuvaa shingoni. Hizi nyingine zataka kusomwa vizuri. Ile ya mwaka 1905 imeandikwa kwamba ina shaba ya Victory ndani yake; haisemi kwamba yote ni shaba ya Victory. Tena, ukiipata, usiisugue kwa majivu na ndimu. Maandishi yakifutika, hutabaki na habari, bali na kipande cha shaba tu.

Sasa yatazame tena maji ya Gando, kwa maana pande hizi nazo zina merikebu yake ya kukumbukwa. Jina lake London, merikebu ya mbao ya Kiingereza. Ilishushwa majini mwaka 1840, ikapiga mizinga Sevastopol mwaka 1854, na tangu mwaka 1874 ikatia nanga Unguja. Mwaka mmoja kabla yake, Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe kwa bahari. Lakini mashamba ya karafuu ya Pemba yalitaka watu, na majahazi yakazidi kuwaleta kwa siri. Mashua za London zililinda pwani hizi, na mabaharia wake walikaa ndani yake siku nyingi juani na mvuani.

Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa London alilisogelea jahazi lililotweka bendera ya Kifaransa. Ndani mlikuwa na watumwa. Yakatokea mapigano, naye akauawa. London yenyewe iliuzwa mwaka 1884 ikavunjwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo, aliyetaka uhuru ilimbidi aende kuuomba kortini.

Basi, fikiri, msomaji. Nelson amepigiwa medali nyingi, na jina la Brownrigg limo vitabuni. Lakini wale waliofungwa ndani ya majahazi, wakapanda na kuchuma karafuu, ni nani aliyewapigia medali? Walio wengi hata majina yao hayakuandikwa.

Katika nyumba yako labda yuko mzee ajuaye mababu walitoka wapi, walipita njia gani, na nani alipotea njiani. Muulize angali hai. Andika jina, mahali na mwaka, uiweke karatasi hiyo pamoja na vyeti vya watoto. Shaba yaweza kungoja miaka 100 chini ya bahari, mzee hawezi.