Makazi ya Mtumiaji Mpya

Zama zile nilipokabidhiwa chumba cha kompyuta cha chuo kimoja cha ualimu huku pwani, Windows XP ndiyo iliyotamalaki, na kila muhula ulipoanza nilifungulia akaunti wanafunzi ambao aghalabu hawakuwa wamepata kushika kipanya maishani mwao. Kila akaunti ilizaliwa na ada za Marekani: katika tarehe mwezi ukaitangulia siku, na karatasi ikadhaniwa kuwa ya Letter, ilhali madukani kwetu haikuuzwa ila A4, basi printa ikasimama kungoja karatasi isiyokuwapo, na mwanafunzi akatahayari, akidhani ameiharibu yeye. Tahayuri hiyo ndiyo iliyonikera kuliko hasara yoyote ya wino.

Mwanzo nilikuwa nikizitengeneza akaunti mojamoja, kazi isiyo na ukomo, hata nilipobaini kwamba makazi ya mtumiaji mpya hunakiliwa kutoka folda ya Default User, iliyofichwa ndani ya Documents and Settings. Hapo nikaunda akaunti ya mfano, nikaipanga kwa taamuli, nikatoka humo na kuingia kama msimamizi, kwa kuwa wasifu unaotumika haunakiliki, kisha nikaimimina yote katika folda ile.

Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliifunga njia hiyo. Kitufe cha kunakili kikapauka, na Microsoft wakataka kazi ipitie zana yao ya Sysprep, kwa agizo la CopyProfile. Walikuwa na hoja ya haki, kwani nakala za zamani zilibeba athari za mtu wa kwanza. Lakini kwa chumba kidogo kama chetu taratibu zile zilikuwa nzito mno.

Tulipohamia Ubuntu nilistarehe. Chochote kilichowekwa katika /etc/skel hunakiliwa akaunti inapofunguliwa, mara moja tu, wala waliotangulia hawaguswi. Kwa hiyo sharti kila kitu kiwe tayari kabla ya muhula. Kisha nikaijua dconf, hazina ya mipangilio, ambayo chaguo lake la asili humfikia hata mwenyeji wa zamani, maadamu hajajichagulia lake, na ambayo humruhusu msimamizi kutia kufuli. Rangi, herufi na lugha sikuzifunga, kwani mtu huizoea mashine kwa kuigeuza apendavyo. Nimefunga jambo moja tu: skrini ijifunge mtu anapoondoka, kwa kuwa chumba ni cha wengi na barua za kila mmoja ni siri yake.