Wifi, nitaswali vipi?

Mada ya leo itawakunja nyuso, kwa hiyo kama mnakula, malizeni kwanza.

Wifi yangu anaishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana alimeza antibiotiki kwa ajili ya jipu la jino, na haukupita muda akaanza kuharisha, mara kumi na zaidi kwa siku. Akapewa dawa, akapona, ikarudi. Akapewa tena, ikarudi tena. Mara ya tatu daktari akamwambia kuna tiba ya kupandikizwa choo cha mtu mwingine mwenye afya. Usiku ule akanipigia: "Wifi, naingizwa najisi mwilini, halafu nitaswali vipi?"

Mdudu mwenyewe anaitwa Klostridiamu difisile. Tumboni mwetu wamo bakteria wengi wazuri wanaomzuia asistawi. Antibiotiki ikiwafagia hao, yeye hubaki, maana hujificha kwenye mbegu ngumu zisizokufa kwa dawa. Ndipo madaktari wakaona warudishe wale waliofagiwa. Mtoaji hupimwa damu na choo, kisha choo chake huchanganywa na maji ya chumvi, huchujwa na kugandishwa kwa baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mgonjwa huingiziwa kwa mpira wa puani au wa nyuma, au humeza vidonge. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa dozi moja. Waliopewa antibiotiki peke yake walipona 4 kati ya 13. Uingereza iliipendekeza rasmi Agosti 2022 kwa waliokwisha kuugua mara 2 au zaidi.

Wifi akamuuliza sheikh wa msikiti wao. Jibu likawa lile tulilosomeshwa chuoni: katika madhehebu yetu ya Shafi, kujitibu kwa najisi kunaruhusiwa pale tabibu mjuzi anaposema hakuna dawa tohara ya kushika nafasi yake. Mimi nikamuongezea mawili. Asifanyiwe mchana wa Ramadhani, maana kiingiacho kwa mpira hufunguza. Na akipewa vidonge, aulize jelatini ya ganda lake imetokana na mnyama gani.

Mnashangaa mtoto wa Unguja nimeyajulia wapi? Nimemfuata mume Katesh, wilayani Hanang. Jirani zetu wa Mbulu, kwenye bonde la Yaeda karibu na Ziwa Eyasi, ni Wahadzabe, na choo chao kimesafiri nchi nyingi kuliko mimi. Utafiti wa 2014 uliwapima 27, ukakuta wana bakteria wa aina nyingi kuliko Wataliano waliolinganishwa nao. Tena matumbo ya wanawake yalitofautiana na ya wanaume, na watafiti wakadhani sababu ni mizizi, ambayo wanawake ndio huichimba na kuila zaidi.

Mwaka huohuo Mmarekani mmoja, Jeff Leach, alijitia choo cha Mhadzabe hukohuko porini. Hapo mimi nasema hapana. Hata hospitali za Marekani ziliteleza: mwaka 2019 mamlaka yao ya dawa ilitangaza kwamba wagonjwa wawili walipewa choo cha mtoaji mmoja ambacho hakikupimwa bakteria sugu, na mmoja wao akafariki.

Sasa nyinyi mabibi harusi. Wiki za kabla ya harusi ndizo za chunusi, mkojo unaochoma, jino lililosahauliwa. Binti anaingia duka la dawa, ananunua antibiotiki bila kupimwa, anameza siku mbili, na zinazobaki anampa dada yake. Pimwa mkojo kwanza, shoga. Shilingi chache tu hizo. Ukianza kuharisha baada ya antibiotiki, rudi kwa daktari na umtajie dawa uliyomeza. Na hao wanaowauzia "dawa ya kusafisha tumbo" ili gauni likae vizuri, wanawafagia vilevile.

Ukitaka kuwalisha hao wazuri, kula mbaazi, kunde, viazi vikuu, mchicha. Wahadzabe wanakula pia ubuyu, unga mtupu uliokorogwa kwa maji. Ule wetu mwekundu wa sukari na rangi naupenda sana, na kila nikija likizo narudi nao Katesh mfuko mzima, lakini msiniambie ni dawa ya tumbo.