Usukani Ukianza Kucheza

Ndugu msomaji, usukani wa gari lako ukianza kucheza mkononi, usikimbilie kulaumu barabara. Mimi niliilaumu miezi miwili, huku nikiwabeba watoto kila asubuhi kutoka Amalemba.

Fundi wa jua kali alipiga jeki, akaliegemeza gari kwenye stendi, akashika gurudumu la mbele kushoto na kulia, akalitikisa. Ko, ko! Hata kitinda mimba wangu alisikia. Tairodi ilikuwa imekwisha. Ingechomoka, gurudumu lingejiendea litakako. (Likicheza juu na chini, shuku boljointi au beringi.)

Akiifungua ya zamani alihesabu mizunguko, akafunga mpya kwa idadi ile ile, na kotapini mpya. Kisha akaniambia nipeleke gari alaimenti. Nilitaka kukwepa gharama hiyo, lakini akanionyesha tairi: ukingo wa ndani ulikuwa umelika hadi nyuzi.