Kila Atomu na Nuru Yake



Jioni hapa Kalemie tunaonaka jambo hili: makala yanawaka na ndimi ndogo za bluu, sufuria ya ndakala inafurika, maji ya chumvi yanamwangika, mara moto unageuka manjano. Wengine kati yetu wanasema, ni bure tu. Wengine wanataja uchawi. Sisi tunajibu: hapana, ni sodiumu, ile iliyo ndani ya chumvi, inajitaja jina.

Namna gani? Mwaka 1913 Niels Bohr, mtu wa Denmark, alifundisha kwamba elektroni ndani ya atomu iko kama mtu kwenye ngazi. Anaweza kusimama kwenye kipandio hiki ao kile, lakini katikati hapana. Moto unamupandisha, akishuka, ile nguvu anaitoa kuwa nuru. Kila aina ya atomu iko na ngazi yake, basi na nuru yake ni yake mwenyewe. Tunaipima kwa urefu wa wimbi, kama vile kwenye ziwa letu tungepima toka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa lingine. Ya sodiumu ni nanometri 589: mawimbi karibu 1,700 ndani ya milimetri 1 tu. Litiumu inatoa nyekundu, nanometri 671.

Na hii litiumu iko katika mawe ya Manono, jimbo letu hili la Tanganyika. Juu ya hiyo tunasema, somo hili haliko la kukariri kwa mtihani tu. Asiyejua, kwake jiwe ni jiwe. Mwenye kujua ndiye atamwambia bei.

Tena kuna swali lililotugawanya: kueleza nuru hivi, si kumnyang'anya Mungu kazi yake? Tuone. Atomu inamezaka nuru ile ile inayoweza kutoa. Mwaka 1859, kule Heidelberg, Gustav Kirchhoff alitambua kwamba mistari miwili myeusi katika nuru ya Jua iko pale pale pa manjano ya sodiumu. Basi sodiumu iko kwenye Jua pia! Sheria ni moja, jikoni kwetu na kule mbali sana. Aliyeiweka hakuibadilisha. Sisi hatuoni hapo kitu cha kupunguza imani, tunaona uaminifu.

Basi wandugu, tuombe, na tusome fizika bila woga.